Eti "nyumba ya zamani imeshazoea"! Huyu fundi umeme mnamjua, na leo nasema

Wakuu, katoka hapa sasa hivi na mikono bado inanitetemeka kwa hasira. Jina sitaji. Mnamjua, yule yule wa begi kubwa lenye bisibisi moja.

Nilimwita kwa swali moja tu: nyumba hii kongwe athi yake, ule waya wa usalama wa kuondoa umeme uliovuja, inatoka wapi? Inakuja na kebo ya nje, imeungwa na nyutro (waya wa kurudishia umeme) kwenye fyuzi kuu, au ni fimbo iliyopigiliwa ardhini? Friji linanitekenya mkono kila nikiligusa, nina haki ya kujua!

Kachomeka testa, ile bisibisi yenye taa, kwenye soketi, taa yake ikawaka, akasema, "Athi ipo." TESTA! Testa inaonyesha waya wa moto, athi inaijulia wapi? Nikamwonyesha waya wa kijani ulivyofungwa kwenye bomba la maji la chuma, na mbele kidogo bomba limekatwa, limeungwa plastiki. Plastiki haipitishi umeme, jamani! Akalipiga bomba kofi, akacheka, akaniambia: "Dada, nyumba ya zamani imeshazoea."

Imeshazoea! Nyumba imezoea kukosa athi, na mimi nizoee kufa?

Kebo inapoingilia hakutazama. Kupima hakupima. Kumtajia kipimo cha luupu, kile cha kupima njia ya athi, macho yakamtoka kama nimemtukania ukoo. Halafu kofi kwenye bomba. Imeshazoea!!!

Mzee wa Breka: Huyo huyo! Kwangu ardhi ilimshinda, akaikata fimbo ya shaba nusu, akaniambia umeme hauoni chini.

Kipanga: Dada, kelele zote hizi kwa waya mmoja wa kijani? 😂

Mpimaji: Acheni utani. Waya wa athi ukifungwa kwenye gamba la chuma la kebo inayoingia, kwa kawaida ni mfumo wa athi unaoitwa TN-S. Ukiungana na nyutro pale kwenye fyuzi kuu, TN-C-S. Ukiishia kwenye fimbo tu, TT. Ila macho hayatoshi, maana hata TN-C-S inaweza kuwa na fimbo. Lazima kupima: ukinzani wa athi ya kebo kwa kawaida haufiki ohm 1, wa fimbo unaweza kuwa makumi hadi mamia. Ikiwa ohm 100 kwa volti 230, inapita ampea 2.3 tu, breka ya ampea 32 haikati ng'o! Ndiyo maana TT inataka RCD, swichi inayokata umeme ukivuja, ile ya miliampea 30. Na hilo friji lizime kwenye breka sasa hivi, usiliguse.

Mwenye uzi: Nimezima. Asante mkuu. Si angesema haya, badala ya "imeshazoea"?

Kipanga: Imeshazoea 😂😂

Bi Mkubwa: Na aliyeunga plastiki je? Mafundi bomba ndio wabaya kuliko wote. Wangu alivunja ukuta kutafuta uvujaji, akatokea chumbani kwa jirani.

Mzee wa Breka: Usinikumbushe! Wangu aliunga bomba la maji moto kwenye tangi la choo.

Kipanga: Choo cha maji moto? Nipe namba yake.

Mwenye uzi: Jamani, turudi kwenye athi.

Bi Mkubwa: Subiri kwanza. Nani ana fundi vigae anayejua kunyoosha mstari? Wangu kaanza mlangoni vizuri, kafika dirishani kapinda.