Rubondo: tuongeze wanyama wengine au sasa kisiwa kiachwe?

Mlalahoi wa Ziwani (mwanzisha mada)

Wakuu, kuna hoja inarudi rudi kila likitajwa suala la utalii kanda ya ziwa, kwamba Rubondo inakosa wageni kwa sababu haina simba, basi serikali ipeleke simba na nyati na faru warudishwe, eti watalii ndo wataacha kujazana Serengeti. Mi napinga, na kinachonifanya nipinge ni historia ya kisiwa chenyewe.

Kwa asiyekijua, kiko kusini magharibi mwa Ziwa Victoria, upande wa Geita. Nchi kavu ni kama kilomita za mraba 240, ukichanganya na maji ya hifadhi inafika 457 hivi. Sehemu kubwa sana ni msitu mnene, pembeni mafunjo na matete, furukombe kila kona. Wenyeji pale ni nzohe, yule swala wa kwenye tope mwenye kwato ndefu zinazotanuka ili asizame, halafu viboko, mamba, fisi maji, tumbili, pongo, chatu. Twiga, tembo, mbega na sokwe mnaowaona kwenye vipeperushi waliletwa na binadamu!

Miaka ya 60 wavuvi wa Kizinza waliokuwa wanaishi kule walihamishwa, 1965 ikawa pori la akiba, 1977 ikawa hifadhi ya taifa. Katika kipindi hicho Mjerumani Bernhard Grzimek na jumuiya ya wanyama ya Frankfurt walikuwa na wazo la kukifanya kisiwa kiwe safina, mnyama anayewindwa bara akimbizwe kwenye maji ambako jangili hafiki. Wakaenda faru 16, twiga 12, korongo (yule swala mkubwa, sio ndege), mbega, paa, baadae 1972 na 1973 tembo 6. Na sokwe 17 kutoka zoo za Ulaya, kati ya 1966 na 1969.

Faru wako wapi leo? Jangili ana mtumbwi jamani, aliwafuata hukohuko akawamaliza. Korongo nao wamepotea. Sasa mnataka turudie nini?

Kijana wa Busisi

Mkuu umechagua waliofeli tu. Sokwe je? Hao walikuwa kwenye vizimba huko Ulaya, wengine miaka na miaka, wakafunguliwa pwani ya kisiwa bila mtu wa kuwafundisha hili ni tunda hili ni sumu, na wakaishi, wanajenga viota juu ya miti kama wale wa Gombe, watoto wao na wajukuu hawajawahi kuona kizimba. Hayo ni mafanikio makubwa, na mgeni anayelipa hela yake kwenda Rubondo anakwenda kumtafuta huyo sokwe, sio nzohe ambaye anajificha kwenye mafunjo siku nzima. Bila huyo mzungu leo tungekuwa na kisiwa cha mamba na mbu. Na daraja la Kigongo Busisi lishafunguliwa, lile foleni la kivuko limeisha, mtu akitoka Mwanza anateleza tu, kwa hiyo tusiogope kuweka vivutio.

Bwana Mifugo

Naongezea tu kwa mdau hapo juu. Sokwe kuishi waliishi ila mwanzoni baadhi ya madume walishambulia watu mpaka ikabidi wapigwe risasi, maana mnyama aliyelelewa na binadamu hamuogopi binadamu. Pili, wengi wao asili yao ni Afrika Magharibi, wakati sokwe wetu wa Gombe na Mahale ni wa aina ya mashariki. Kwa hiyo asije mtu akasema hawa ni akiba ya kuwapeleka Gombe siku Gombe wakipungua, hapana, huwezi kuwachanganya hivihivi. Wana thamani yao, watafiti wamejifunza mengi kwao, ila tusiwape kazi ambayo hawawezi kuifanya.

Linganisha na Ngamba kule Uganda, ziwa hilihili, sokwe waliookolewa wako kisiwani tangu 1998 lakini msitu ni mdogo, inabidi walishwe kila siku. Rubondo msitu unawatosha, ndo maana iliwezekana.

Mlalahoi wa Ziwani

Umenisaidia kuifikisha hoja yangu. Msitu unawatosha SOKWE. Tembo je? Tembo anabandua magome ya miti, anaangusha, na akimaliza upande mmoja bara angehama, hapa atahamia wapi, azame? Waliletwa 6 na hakuna simba wa kula watoto wao. Huo msitu ndo nyumba ya kila mtu pale pamoja na hao sokwe mnaowapenda.

Kijana wa Busisi

Sasa si ndo sababu ya kuleta simba hiyo

Mlalahoi wa Ziwani

Simba aache nzohe na pongo amfuate tembo? Kwa hesabu gani hiyo kaka. Nzohe hajawahi kuishi na simba pale, atamalizwa ndani ya muda mfupi halafu simba abaki na njaa aanze kuangalia nyumba za askari wa hifadhi.

Mama Dagaa

Nyie mnabishana simba na tembo, watu mmewataja mstari mmoja mkapita. Hao Wazinza walihamishwa wakaambiwa kisiwa kiachwe kiwe cha asili, halafu kikajazwa wanyama wa kuletwa. Hamuoni hapo? Mvuvi wa Nkome akikutwa na nyavu ndani ya mpaka wa hifadhi anakamatwa, ila mtalii analipia kibali anavua sangara kwa ndoano, anapiga picha, anamrudisha majini eti ni mchezo. Kijijini kwetu samaki hachezewi. Mi siongelei kuruhusu kokoro, zile nyavu za kukokota, kokoro ni balaa tunajua wote, naongelea ndoano kwa ndoano. Kama mgeni anaruhusiwa na mwenyeji naye apewe siku zake na kibali cha bei anayoiweza.

Baharia Mstaafu

Dada nakuelewa lakini hapo sikubali. Yale maji ya kuzunguka Rubondo ni mazalia, sato na sangara wanakua pale kwenye ghuba na mafunjo halafu wanatoka nje ndo nyie mnawapata. Ukifungua kwa wenye ndoano kesho wanakuja wenye nyavu haramu za timba usiku na nani atawatofautisha gizani. Na bei ya mabondo, ile mifuko ya hewa ya sangara, ilivyo sasa hivi mtu anauza hadi roho.

Mama Dagaa

Na sangara mwenyewe si mgeni? Aliletwa ziwani miaka ya 50 na 60 kama hao sokwe wenu, akapanda chati miaka ya 80, akawala furu, wale samaki wadogo wa asili ya ziwa, mpaka aina kibao zikapotea. Kwa hiyo hifadhi inamlinda mgeni majini na inalinda mgeni nchi kavu, aliyefukuzwa ni mwenyeji tu.

Bwana Mifugo

Hiyo ya sangara imeniacha hoi aisee, sina jibu.

Mlalahoi wa Ziwani

Mama Dagaa namkubali kwenye historia, na huo uvuvi wa mtalii kwa kweli hautetewi. Mi ningeufunga kwa wote, mgeni na mwenyeji, hapo usawa upo na mazalia yanabaki. Kuhusu waliohamishwa, sehemu ya kiingilio irudi kwenye vijiji vya ng'ambo kwa maandishi, ijulikane ni shilingi ngapi na imejenga nini, sio zile za kupewa madawati siku waziri akija.

Ila mada yangu ilikuwa wanyama. Mwaka 2000 walipelekwa tena kasuku wa kijivu waliokamatwa kwa wafanyamagendo, na hao asili yao ni misitu ya Afrika ya kati na magharibi. Nia nzuri kila mara. Walioko wakae, hakuna anayesema sokwe warudishwe Ulaya, ila orodha ifungwe hapo na tembo wafanyiwe hesabu ya kweli, wakizidi wavushwe bara. Hifadhi ya Burigi-Chato iko palepale ng'ambo.

Kijana wa Busisi

Kuvusha tembo kwa maji unajua gharama yake wewe?

Mlalahoi wa Ziwani

Walivushwa kwenda 1972 na teknolojia ya kipindi kile. Kurudi ndo ishindikane leo?