Nabaki kazini hadi usiku, bosi haoni. Naomba ushauri

Wakuu, habari za kazi. Niko kitengo cha uhasibu. Kila mwisho wa mwezi wenzangu wakishaondoka, mimi nabaki kulinganisha hesabu za benki na vitabu vyetu, mara nyingine mpaka mlinzi anakuja kuniuliza kama azime taa za korido. Asubuhi bosi anakuta ripoti mezani, anasaini, basi. Nadhani anaamini inajiandaa yenyewe.

Kuna mwenzetu akipitiliza nusu saa tu, anaandika kwenye grupu la kazi: "Jamani, bado nipo ofisini." Huyo ndiye anayesifiwa kikaoni. Mimi hilo siliwezi, naona aibu.

Daftari la mahudhurio tunasaini kuingia tu, kutoka hakuna. Nimewaza kumwandikia bosi barua pepe fupi kila nikimaliza, nikitaja kazi na saa niliyotoka, au nimwombe kwanza aidhinishe muda wa ziada kwa maandishi. Naogopa kuonekana nadai posho, au mbaya zaidi, kwamba sijui kupanga muda wangu. Na tathmini ya mwaka ndiyo hiyo inakaribia.

Mliopitia haya, mlianzia wapi? Na nyie mnaosimamia watu, barua pepe kama hiyo mngeichukuliaje?