"Koili ni koili, tatizo ni masikio yako": huyu jamaa leo kanivua nguo hadharani

Mwana wa Lupa ameanzisha uzi:

Wakuu, sina salamu. Nimetoka kutukanwa sasa hivi na nisipoandika mshipa utanipasuka.

Mnamjua. Simtaji na hakuna haja ya kumtaja. Yule muuza detekta za kutafutia dhahabu, kofia ya kauboi, simu tatu mezani, anayejiita daktari wa udongo. Nusu yenu mmeshapita mikononi mwake, nusu nyingine mko njiani.

Nimemrudishia koili yake, lile duara la chini ya detekta linalosikiliza ardhi. Inchi 18, mono, yaani ya waya mmoja wa duara, sinia la pilau la watu wanane, nimelibeba kwenye bodaboda kutoka Itumbi, huku Chunya, nikila vumbi njia nzima. Nikamweleza kwa adabu zote kwamba kwetu udongo ni ule mwekundu wenye changarawe za chuma, mchanga mweusi umejaa mikondoni, mashine inalia kuanzia naiwasha mpaka naizima. Akachukua hedifoni zangu. Akazivaa sekunde mbili. Akazivua, akatoa kitambaa mfukoni, akazifuta upande huu, akageuza, akafuta upande ule. Halafu, mbele ya wateja, mbele ya vijana wake, mbele ya mama anayeuza vitumbua pale mlangoni, akasema: "Koili ni koili, mzee. Tatizo ni masikio yako."

MASIKIO YANGU.

Masikio haya yanasikia kipunje cha dhahabu kikinong'ona chini ya mizizi ya mhogo! Masikio haya yamesomesha watoto!

Siku ya kununua nilimwambia wazi: nataka DD, ile ya nyaya mbili, ndogo, inchi 11 au pungufu, udongo wangu una moto, yaani chuma kingi kinacholiza mashine. Akacheka. Eti DD ni ya wanafunzi. Akanipachika hiyo inchi 18, "hii inaona mpaka kuzimu." Basi kuzimu kote kunapiga kelele. Jiwe la chuma, linalia. Kichuguu, kinalia. Palipochomwa majani mwaka jana ndiyo usiseme. Na hilo la majani si uchawi: moto unabadilisha chuma kilichomo kwenye udongo wa juu, kinakuwa na usumaku zaidi, ndiyo maana palipoungua pana kelele kuliko hatua mbili pembeni. Daktari wa udongo hajui hili!

Koili kubwa inaona udongo mwingi kwa mkupuo mmoja, na kwetu adui ni huo udongo wenyewe. Mono inasoma kila kilicho chini ya duara lake. DD inasoma ukanda mwembamba pale katikati nyaya mbili zinapopandana, kelele zinapungua. Kina kinapungua kidogo, ndiyo, lakini unasikia unachopiga. Inchi 18 kapige kwenye udongo mpole, unatafuta bonge lililolala chini. Mimi natafuta vipunje kwenye kokoto nyekundu, jamani!

Lakini hapana. Masikio.

Na yule mama wa vitumbua akageuka akaniangalia masikio. Haki ya Mungu. La kulia, kisha la kushoto.

Hela sijarudishiwa. Eti niache koili "aipime". Anaipimia wapi? Dukani! Chini nondo na zege, juu mabati, pembeni jenereta!

---

Kibonge Makongolosi:

Pole sana mkuu. Ila kabla hatujaenda mbali, hayo masikio ulishawahi kuyapima?

Mwana wa Lupa:

Wewe na yeye mmenyonya titi moja.

Nyundo na Karai:

Namjua huyo hata kwa kikohozi. Mimi kaniuzia koili ya kampuni nyingine kabisa, plagi haiingii kwenye mashine yangu. Nikampigia simu. Unajua alinijibu nini? "Itazoea." Ipo ndani hapa mwaka wa pili, kuku anatotolea vifaranga.

Bi Mbale:

Mleta uzi, punguza povu kidogo. Mono si haramu kwenye udongo wenye moto. Mimi napiga detekta ya GPX 5000 na mono ya inchi 11, naweka taiming ya Enhance, ile mipangilio ya mashine kulingana na udongo, kelele zinakata, na kilo za vumbi jekundu nimeshazila kuliko wewe. Ile mashine ina swichi ya kuchagua koili: Double-D, Mono, Cancel. Uliweka kwenye Mono au uliiacha ilipo?

Mwana wa Lupa:

Dada yangu, nimegusa kila kinachogusika. Normal nimejaribu, Fine Gold nimejaribu, Enhance nimejaribu, usikivu wa mashine nimeushusha mpaka inasinzia. Wewe unasema mono ya inchi 11. Mimi nimeuziwa inchi KUMI NA NANE. Kisha nimeambiwa masikio!

Fundi Kobe:

Kaka, fungua kile kifuniko cha plastiki cha chini ya koili. Mchanga mweusi unapenya, unajikusanya kati ya kifuniko na koili, unatembea nao kutwa nzima unadhani ni ardhi inayolia. Nimeona watu wanauza mashine nzima kwa bei ya hasara kwa kijiko kimoja cha mchanga. Osha, kausha, rudisha. Waya nao uuzungushe kwenye fimbo uukaze, ukining'inia unacheza na mashine inalia. Inua koili vidole viwili kutoka chini, tembea taratibu, na kila udongo ukibadilika rangi simama uibalansi upya, yaani uizoeshe udongo huo, juu chini, juu chini, mpaka inyamaze.

Mwana wa Lupa:

Asante fundi, wewe ni mtu mwenye utu. Nimefungua, nimeosha, hakuna mchanga. Nabalansi hapa inanyamaza, natembea hatua tatu inaanza tena, maana lile duara linakanyaga rangi tatu za udongo kwa wakati mmoja. Na wewe umenieleza yote haya bila kutaja kiungo chochote cha mwili wangu. Mwone tofauti!

Kibonge Makongolosi:

Ulivaa buti zenye chuma mbele?

Mwana wa Lupa:

KANDAMBILI! Kandambili za mpira, bwana wee!

Kibonge Makongolosi:

Basi ni kweli yatakuwa masikio 😂😂

Rupia15:

Afadhali yenu nyie mnatafuta dhahabu ya Mungu. Mimi natafuta mali za Mjerumani. Huyo huyo wa kofia alinikodishia mashine pamoja na kijana wake, ramani ipo, mzee aliyeonyesha mahali yupo, sanduku la zile rupia 15 za dhahabu zilizotengenezwa Tabora 1916, zenye tembo. Tumechimba mpaka majirani wakadhani tunachimba kisima, wakaja na ndoo. Tumetoa vizibo vya bia, spoku ya baiskeli na kipande cha jembe. Kijana akasema sanduku "limehama". Hela ya kukodi hairudi.

Nyundo na Karai:

Limehama na nani 😂

Wakili Msomi wa Porini:

Rupia15, kuchimba mambo ya kale bila kibali ni kosa, soma Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964. Umejiandikia ushahidi mwenyewe, na picha ya ramani umeweka.

Rupia15:

Picha nimefuta.

Mwana wa Lupa:

Wakuu, turudi kwenye mada. Alifuta hedifoni. Kwa kitambaa. Pande zote mbili. Hivi mtu na akili zake anafuta hedifoni za mteja mbele ya watu?

Tajiri Mtarajiwa:

Samahani kuingilia, kuna mwenye kujua mnunuzi wa zebaki nyekundu? Ninayo kidogo, imetoka kwenye redio ya zamani.

Wakili Msomi wa Porini:

Hakuna kitu kinaitwa zebaki nyekundu. Ni utapeli. Utapigwa wewe au utampiga mtu.

Tajiri Mtarajiwa:

Wanunuzi wapo, ila wanataka niwatumie hela ya vipimo kwanza.

Bi Mbale:

Usitume!!

Mzee wa Leseni:

Mnalia koili wakati ugonjwa ni mgao wa dhahabu. Eneo langu, leseni yangu, kodi nalipa mimi. Anakuja mtu na detekta yake anataka nusu kwa nusu. Nusu ya nini? Halafu mpigaji, huyo mwenye detekta, anasikia punje, anainama "kufunga kamba ya kiatu", ikifika jioni tunaambiwa hakuna kitu ila risasi za bunduki za wawindaji.

Fundi Kobe:

Mzee, mashine inakula mamilioni, betri nachaji kwa jenereta langu, na nikizunguka kutwa bila kitu unanipa hata soda? Nusu ni haki.

Mzee wa Leseni:

Theluthi. Na mnapekuliwa kabla ya kutoka.

Nyundo na Karai:

Mzee ana hoja. Mimi mpigaji wangu alikuwa anaweka mdomoni. Tulijua siku aliyokataa kula.

Mwana wa Lupa:

Jamani. Masikio yangu.

Bi Mbale:

Theluthi hapana, mzee. Kwetu asilimia 40 ya mpigaji, chakula juu ya mwenye eneo, na punje inapimwa palepale ilipotoka, kwenye mzani wa watu wote, si jioni kambini.

Mzee wa Leseni:

Chakula juu yangu? Na maharage juu yangu?

Fundi Kobe:

Na maharage. Na maji ya kunywa, tena ya chupa. Mimi ya kisima chako sinywi tena.

Mzee wa Leseni:

Kisima changu kina nini? Njoo PM tuongee vizuri, usinichafulie kisima hapa.