Matumbawe yangu yanajikunja, nifanyeje?

Mama Kondele: Hamjambo wapendwa? Tangi langu la lita 120 hapa Kisumu lina miezi minne. Tangu joto hili lianze, matumbawe yamejikunja kama ngumi, na ukingoni mwa kioo kuna ukanda mweupe wa chumvi. Maji yakipungua, naongeza ya chumvi. Nakosea wapi?

Baba Rehema: Ni hapo hapo, dada. Maji hugeuka mvuke, chumvi inabaki. Ongeza maji yaliyochujwa, yasiyo na chumvi. Ya bomba yana klorini. Ndani ya tangi, lenga chumvi gramu 35 kwa lita.

Kijana wa Dunga: Usiishushe chumvi kwa siku moja, mama, utawaua. Mimi huelekeza feni juu ya maji, yasizidi nyuzi 27. Ila yatapungua haraka zaidi, kwa hiyo jaza kila asubuhi.

Mama Kondele: Nimepima: 41! Jamani, maskini wangu. Naanza leo, kidogo kidogo.