Majirani wa Mtaa: Boma la Nesi

Mama Neema: Habari za jioni majirani. Nimetoka kwa mwenyekiti wa mtaa. Kamati ya Fedha ya halmashauri imeshakaa. Mapato ya ndani ya robo hii yanakwenda kwenye vishikwambi vya madiwani na kompyuta za ofisi. Boma letu la nyumba ya nesi pale zahanati, kuta zile zisizo na paa, limesogezwa mwaka ujao wa fedha.

Bibi Mwaju: Jamani! Mchanga ule tulibeba kwa ndoo vichwani mpaka likafika lenta.

Baba Juma: Poleni mama zangu. Ila vishikwambi navyo vina maana. Makabrasha ya kikao kimoja cha Baraza la Madiwani ni rimu kwa rimu, na robo ijayo yanachapwa tena.

Mwalimu Mstaafu: Shikamoo Bibi. Mimi naomba tusiseme teknolojia ni anasa. Mashine za POS, zile za kutolea risiti za ushuru sokoni, ndizo zinazokusanya hayo mapato tunayoyagombania. Manunuzi ya halmashauri siku hizi ni kwenye NeST, mfumo wa serikali wa manunuzi ya mtandaoni. Na zahanati ikikosa GoTHoMIS, mfumo wa kompyuta wa kumbukumbu za wagonjwa, dawa na malipo, tunarudi kwenye madaftari, hela ya dawa ikipotea hujui imepotelea wapi.

Bibi Mwaju: Marahaba mwanangu. Lakini hiyo kompyuta ya zahanati usiku anaibonyeza nani?

Mama Neema: Niwaeleze ya Jumanne. Mkwe wangu alishikwa na uchungu saa nane usiku. Nesi kapanga chumba ng'ambo ya mto, bodaboda hakuna, mvua inanyesha. Akaja kwa miguu. Alifika kalowa mpaka kiunoni, simu kaing'ata mdomoni iwe tochi, viatu mkononi, mwanawe mgongoni maana hana wa kumwachia. Akakuta kichwa cha mtoto kimeshatoka. Mwanawe nilimlaza kwenye benchi la wagonjwa nikamfunika kitenge changu.

Mama Neema: Mama na mtoto wazima, namshukuru Mungu. Ila sitaki kuupitia usiku ule tena, wala nesi yule asiupitie.

Baba Juma: Nimekuelewa dada. Hilo sikulijua.

Bibi Mwaju: Jana nimepita pale bomani. Mpapai umeota sebuleni, umeshapita dirisha. Ukuta wa magharibi ukiugusa unabaki na mchanga mkononi. Mwaka wa fedha unaanza Julai, masika Machi. Julai watakuta kifusi.

Fundi: Bibi kasema kweli. Tusiombe nyumba nzima, tuombe kupaua. Mbao, mabati, misumari. Ukuta ukifunikwa hauliki tena, plasta na dari vitasubiri. Vifaa vikifika, mimi na vijana wangu tunapaua bila malipo.

Mama Neema: Mungu akubariki kaka.

Mwalimu Mstaafu: Hapo sawa. Halmashauri kama yetu inatakiwa ipeleke asilimia 40 ya mapato ya ndani kwenye maendeleo, na ipo pia ile asilimia 10 ya mikopo ya akina mama, vijana na wenye ulemavu. Tuulize robo hii zimekwenda ngapi, na kwenye mradi upi. Kompyuta ya zahanati ibaki. Vishikwambi ndivyo vingoje Julai, vyenyewe havinyeshewi.

Diwani: Nimesoma zote, wapiga kura wangu. Kamati imependekeza tu, anayeamua ni Baraza, na kikao ni Alhamisi. Nitasimama. Kishikwambi changu kingoje. Ila nikisimama na mdomo mtupu nitaambiwa ni maoni yangu. Nipeni muhtasari wa Kamati ya Maendeleo ya Kata unaotaja boma hili.

Mwalimu Mstaafu: Mtendaji wa kata nitamfuata asubuhi, upo kwenye faili. Na Alhamisi tuje tukae, kikao cha Baraza ni cha wazi kwa wananchi.

Baba Juma: Mimi nitakuja. Nafunga duka.

Mama Neema: Habari ya Jumanne naiandika usiku huu, nesi akiridhia.

Fundi: Picha za ukuta nitapiga kesho mapema.

Bibi Mwaju: Upige na mpapai. Usiukate kwanza.