Korti imerudisha N1: kofia na niqabu mlangoni mwa mkahawa

Mama Nassra, Leicester

Assalaam alaykum jamaa wa Unguja na Pemba.

Anayezijua fomu za korti anisaidie upesi. Mdogo wangu na mkewe walizuiwa mlangoni mwa mkahawa mmoja hapa mjini, yeye na kanzu na kofia, mkewe na buibui na niqabu. Mlinzi aliwaonesha kibao: hakuna vazi la kichwa, hakuna viatu vya wazi. Meza walishaiwekea amana ya pauni 40. EASS, shirika linaloshauri watu waliobaguliwa, wakaandika barua, mkahawa ukajibu kuwa ni biashara binafsi na una haki ya kuchagua wa kumpokea. Tukajaza N1, fomu ya kufungua madai kortini. Leo bahasha nzima imerudi: kisanduku cha thamani ya madai kitupu, namba ya HWF (Help with Fees, msamaha wa ada ya korti) hamna. Miezi 6 inatimia Alkhamisi ya wiki ijayo.

Nina maswali mawili. Siku inahesabiwa walipoipokea bahasha ya mwanzo au tutakapoirejesha? Na mume na mke, mavazi mbalimbali, ni fomu moja au kila mtu na yake?

Abu Sumayya, London

Wa alaykum salaam dada. Tazama tena kalenda. Kifungu cha 118 cha Equality Act 2010, sheria ya usawa ya Uingereza, kinasema miezi 6 kuanzia siku ya tukio, yaani siku yenyewe imo ndani ya hesabu. Tukio la tarehe 10 Machi linafungwa tarehe 9 Septemba, si tarehe 10. Kama Alkhamisi umeipata kwa kuhesabu tarehe kwa tarehe, basi mwisho wako ni Jumatano. Siku hiyo moja imewaponyoka wengi.

Bahasha ya mwanzo usiitegemee. Korti huangalia siku iliyopokea fomu, hata muhuri wa kufungua kesi ukipigwa baadaye, lakini fomu iwe imekuja na ada yake au namba ya HWF. Yenu haikuja na chochote. Jaji ana uwezo wa kuongeza muda akiona ni haki kufanya hivyo. Omba Mungu usifike huko.

HWF ijaze mtandaoni leo usiku, namba inatoka papo hapo, uiandike juu ya N1. EX160, fomu ya karatasi ya msamaha huo huo, ndiyo inayochelewesha.

Thamani: andika "si zaidi ya pauni 5,000". Kuumizwa hisia hupimwa kwa viwango vya Vento, madaraja ya fidia yaliyopewa jina la kesi yake. Kwa madai yaliyofunguliwa kuanzia 6 Aprili 2025 daraja la chini ni pauni 1,200 hadi 12,100, na kukataliwa mara moja mlangoni, bila ya matusi wala kusukumwa, hukaa humo, tena upande wa chini. Ada inafuata ulichoandika: zaidi ya 1,500 hadi 3,000 ni pauni 115, hadi 5,000 ni 205, hadi 10,000 ni 455, juu ya hapo asilimia 5 ya dai. Ukibaki chini ya 10,000 kesi huenda njia ya madai madogo, ambako ukishindwa kwa kawaida hulipishwi wakili wa upande wa pili. Atakayekwambia uandike 20,000 ili wakuogope hatakuwapo siku ya kulipa gharama.

Jambo jengine linalosahauliwa na wengi: kesi ya Equality Act ikifunguliwa lazima uwape EHRC, tume ya usawa na haki za binadamu, taarifa kwa maandishi, na nakala ya taarifa hiyo uiweke kortini. Barua ya mistari 4 inatosha.

Seif, Milton Keynes

Kwa nini mnahangaika na N1 wakati MCOL, madai ya fedha ya mtandaoni, ipo, unajaza ukiwa kitandani? Na kusema kweli sioni kama kuna kesi. Biashara ya mtu ni nyumba yake. Waoka keki wa Belfast walikataa kumwandikia mteja keki, wakashinda mpaka Mahkama ya Juu.

Mwalimu Haji, Coventry

Seif, ndugu yangu, yote mawili umeyakosea, na mtu mwenye siku 8 mkononi anaweza kukufuata.

MCOL ni ya deni lenye kiasi kinachojulikana. Kuumizwa hisia hakuna bei mpaka jaji aseme. Kwa hivyo ni N1.

Keki: hukumu ya Ashers ya 2018 ilisema waokaji walikataa *maneno* ya kuandikwa juu ya keki, na wangeyakataa kwa mteja yeyote. Hawakumkataa mtu. Mkahawa wa Leicester haukuombwa uandike kitu. Umemkataa mtu aliyekuja kula. Kesi inayofanana zaidi ni ya Bull na Hall, 2013: wenye nyumba ya wageni waliowanyima wageni chumba wakisema ni nyumba yao na imani yao, wakashindwa. Ukifungua mlango kwa umma, kifungu cha 29, kinachokataza ubaguzi katika huduma, kimeshakushika.

Kanuni ya mavazi yenyewe si kosa. Mwenye mkahawa anaweza kukataza suruali fupi, jezi za mpira, viatu vya matope. Kinachoangaliwa ni inamwangukia nani. Hapa kuna njia 2, na maelezo ya madai lazima yazitaje zote, moja badala ya nyengine.

Ya kwanza ni kifungu cha 13, ubaguzi wa moja kwa moja. Kama usiku ule kulikuwa na mteja ndani amevaa kofia ya besiboli au ya sufu, basi kibao kilikuwa kisingizio, na ubaguzi wa dini wa moja kwa moja hauna utetezi wowote. Kwa hili unahitaji ushahidi, nao umo kwenye kamera zao. Andika SAR, ombi la kupewa taarifa zako walizonazo, leo hii: tarehe, saa kwa kukisia nusu saa kabla na nusu saa baada, mlango gani, wahusika walivaa nini, na ombi kwamba picha zisifutwe kwa sababu kuna kesi. Haina ada na wana mwezi 1 kujibu. Shida ni kwamba maduka mengi hufuta picha baada ya siku 30 hivi, kwa hivyo kama hamkuomba mwanzo huenda zimeshakwenda. Omba hivyo hivyo, pamoja na kumbukumbu za meza na ujumbe wa walinzi. Tovuti yao nayo ipigeni picha, ukurasa wa kuweka meza, tarehe ionekane. Kama kanuni ya kofia haikuwepo pale walipolipa amana, hilo lina uzito, na pauni 40 zinadaiwa kwa mstari wake mwenyewe kama mkataba uliovunjwa.

Ya pili ni kifungu cha 19, ubaguzi usio wa moja kwa moja. Kanuni ni ya kila mtu lakini inawabana Waislamu kuliko wengine. Hapo mkahawa unaruhusiwa kujitetea: una lengo halali, na njia iliyotumika inalingana na lengo. Wabaneni hapo. Kama lengo ni usalama, jee, kumwomba mwanamke aonane na mfanyakazi wa kike pembeni dakika 2 kusingetosha? Benki na maduka ya kutuma fedha hufanya hivyo, nao wana sheria ya kumtambua mteja. Mkahawa wa kula samaki hauna.

Na tafadhali *usiandike neno "harassment"* (unyanyasaji). Kifungu cha 29(8) kimeitoa dini kwenye unyanyasaji wa aina hiyo kwa upande wa huduma. Ukiandika, wakili wao ataanza na hilo na kuifanya fomu nzima ionekane ya kubahatisha.

Bi Zuhura, Northampton

Ahsante Mwalimu, lakini kuna kitu hukukigusa, nao watakishika hicho hicho: watasema kofia si dini, ni mila. Niqabu wataikubali kuwa ya dini, kofia wataipinga.

Seif, Milton Keynes

Na kweli si faradhi. Ndiyo maana itumike Mandla, kesi ya Singasinga na kilemba, 1983. Ile ilishinda kwa ukabila.

Mwalimu Haji, Coventry

Mandla ilishinda kwa sababu Masingasinga walihesabiwa kuwa kabila chini ya sheria ya 1976. Waislamu hawakuhesabiwa hivyo, na ndiyo maana ilibidi dini iingizwe kwenye huduma kwa Equality Act ya 2006. Ukiitumia Mandla kwa Uislamu unapotea njia.

Kwa kofia, jibu liko Strasbourg, Mahkama ya Ulaya ya Haki za Binadamu, kesi ya Eweida, Januari 2013, yule mwanamke aliyezuiwa kazini kwa msalaba wake shingoni. Mahkama ilisema mtu halazimiki kuthibitisha kwamba vazi ni amri ya dini yake. Inatosha liwe na uhusiano wa karibu na imani. Kijana aandike kwa maneno yake kwa nini anaivaa, na anaivaa lini. Kama huivaa kila Ijumaa na kwenye darsa, aseme hivyo, asitie chumvi. Jaji atauliza.

Abu Sumayya, London

Niongeze: kifungu cha 9, cha rangi na kabila, bado kipo kwa asili ya taifa. Kofia ya viua ni vazi la pwani yetu, huwezi kuikosea. Ile ya kushonwa kwa mkono, duara la juu na ukanda wa ubavuni, kila tundu limezungushwa uzi peke yake, wiki na wiki za mwanamke kuinamia sindano. Ipelekeni kortini, jaji aishike mkononi. Dini iwe dai la mbele, asili liwe la pili.

Othman, Toronto

Jamaa, hamna haja ya korti. Form 1 inatosha, mnapeleka HRTO, baraza la haki za binadamu la huku kwetu, haina ada hata senti, na muda ni mwaka mzima.

Bi Zuhura, Northampton

Kaka Othman, hiyo ni Ontario. Mama Nassra yuko Leicester na muda wake ni siku 8. Tafadhali tuangalie mtu yuko wapi kabla ya kumshauri. Hata Scotland hapa karibu ni mambo mengine, huko wanakwenda kwa Sheriff na fomu zao ni nyengine.

Mkaazi wa Shangani

Nawasoma kutoka nyumbani. Nina neno kuhusu kile kibao, "hakuna vazi la kichwa, hakuna viatu vya wazi". Hapa Unguja kabla ya dikrii ya 1897 kichwa wazi na miguu mitupu ndiyo iliyokuwa alama ya mtumwa. Watu walipokuwa huru walikimbilia kofia, kanzu na buibui kwa sababu hiyo. Mwenye mkahawa halijui hilo, lakini kijana wenu akilijua atasimama mbele ya jaji bila ya kuona haya kwamba anagombania kofia.

Na sisi huku tujitazame. Vibao vya Mji Mkongwe vinavyosema mabega na magoti yafunikwe naviunga mkono, ila viwekwe vizuri: mgeni aambiwe anapoweka chumba, si baada ya kulipa, viwahusu wanaume na wanawake sawa, na mapokezi ziwepo kanga na vikoi 5 au 6 vya kuazima, ili mtu afunikwe aingie badala ya kufukuzwa. Kinachoniuma ni kule pwani ya kaskazini, mlinzi wa geti anapomsimamisha mtoto wa kijiji kile kile na kumuuliza anakwenda wapi, na mgeni aliye nusu uchi anapita. Ibara ya 12 ya Katiba yetu ya 1984 inakataza ubaguzi, na ibara ya 13(4) ya Katiba ya Muungano inamtaja mtu au mamlaka inayotekeleza madaraka chini ya sheria. Mlinzi wa hoteli simuoni kwenye maneno hayo. Wawakilishi wetu watutungie kifungu kama hicho cha 29.

Seif, Milton Keynes

Hapo Shangani umenigusa. Watu walijadili kila kitu kwenye kampeni za uchaguzi huko, hilo la pwani hakuna aliyelitaja.

Bi Zuhura, Northampton

Wallahi naikumbuka Mnazi Mmoja siku ya Idd mosi, watoto na kofia mpya bado zina ugumu wa wanga, bibi zetu na buibui za kamba, hakuna anayeulizwa kitu. Siasa za huko tuzifungulie mada yake lakini, tafadhalini.

Dada Nassra, la mwisho kwenye karatasi: kifungu cha 136. Ukishaonesha mambo ambayo jaji anaweza kuyaona ni ubaguzi, mzigo wa kuthibitisha unahamia kwao. Yapangeni kwa namba, jambo moja kila aya: saa waliyofika, maneno ya mlinzi kama yalivyotamkwa, kibao, nani mwengine alikuwa na kofia, risiti ya amana. Hasira ziachwe nje ya maelezo, zina aya yake mwisho pale penye kuumizwa hisia. Na N1 iwe na nakala moja ya korti, moja ya kila mdaiwa, na moja yenu. Saini kwenye tamko la ukweli. Fomu bila ya saini hurudi nayo.

Abu Sumayya, London

Na jina la mdaiwa liwe la kampuni kama lilivyo kwenye daftari la kampuni, Companies House, si jina lililo juu ya mlango. Hilo nalo hurudisha fomu.

Mama Nassra, Leicester

Allah awalipe nyote. Nimehesabu tena, ni Jumatano kweli. Namba ya HWF nimeipata sasa hivi, SAR imeondoka kwa barua pepe, jina la kampuni kumbe ni jengine kabisa. Jumatatu asubuhi natoka kazini mapema nipeleke kwa mkono.

Ila bado sijajua: mume na mke, ni fomu moja au mbili? Na kama ni mbili, HWF ni namba moja au kila mtu yake?