Pilau ya Jumapili kwa watu 30: chini inaungua, juu ina kiini. Naomba msaada

BintiMakorora
Wakuu, shikamooni wakubwa, habari zenu wengine.

Jumapili ijayo ukoo unakutana nyumbani, watu wazima 22 na watoto kama 8. Wengi wanatoka misa ya pili, kwa hiyo chakula kiwe mezani saa 7 na nusu mchana. Nitapika pilau ya ng'ombe na kachumbari. Nina sufuria moja kubwa ya alumini nyembamba, jiko la mkaa na jiko la gesi la mtungi wa kilo 6. Mchele ni wa Mbeya.

Pilau ya kilo 1 inatoka vizuri kabisa. Ikifika kilo 3 au 4, chini inashika ukoko mweusi, katikati inakuwa bokoboko na juu mchele una kiini. Nikiongeza maji ndiyo inaharibika zaidi. Naomba vipimo kamili: mchele, nyama, maji, moto. Pia nini cha kufanya mambo yakienda kombo wageni wakiwa wameshafika.

Seredani
Dada, shida yako iko kwenye maji na moto. Viungo havihusiki.

Kwa watu hao chukua mchele kilo 4, nyama kilo 3, viazi kilo 1 na nusu. Kilo 1 ya mchele wenye nyama na viazi inatosha watu 7 hadi 8.

Watu wengi huzidisha maji mara nne kwa sababu mchele umezidi mara nne, na hapo ndipo wanapopotea. Maji yanayoingia kwenye punje huongezeka kwa kadiri ya mchele, lakini yanayopotea kwa mvuke hayaongezeki hivyo, kwa sababu mdomo wa sufuria haukui mara nne. Pilau ya kilo 1 ya mchele wa Mbeya inataka lita 2 hivi. Ya kilo 4 inataka lita 7 hadi 7 na nusu, na supu ya nyama imo humo humo kwenye hesabu. Kipimo cha kidole kiache kabisa kwa wingi huu: kina kile kile cha maji kwenye sufuria pana ni maji mengi, kwenye nyembamba ndefu ni machache.

Kabla ya kuosha, chekecha mchele utoe chenga. Chenga huzama, hutoa wanga, hufanya uji mzito chini ya sufuria, na uji huo ndio wa kwanza kuungua. Osha mpaka maji yakaribie kuwa maangavu, kisha chuja dakika 15. Huu wa Mbeya usiuloweke, utakatika.

Sasa moto. Mchele uingie kwenye supu inayochemka kwa nguvu. Geuza mara moja kutoka chini, funika nusu, acha moto mkali dakika 10 hadi 12, mpaka maji yashuke usawa wa mchele na uone vitundu vinavyotoa mvuke. Hapo pitisha mwiko mara ya mwisho, taratibu, ukiinua kutoka kwenye kuta. Kisha ondoa mkaa karibu wote chini, bakiza kaa chache na uzifukie kwa majivu. Tandaza foili au jani la mgomba juu ya wali, weka mfuniko wa bati ulio bapa, na mkaa uliotoa upalie juu ya mfuniko. Kaa ziwe nyekundu zisizo na moshi, zaidi pembeni kuliko katikati. Dakika 25 hadi 30 usifunue. Ukifunua unatoa mvuke ambao ndio ulikuwa unaivisha punje za juu.

Na kwa alumini nyembamba, gawa sufuria mbili za kilo 2, kila moja lita 3 na robo tatu za maji. Azima moja kwa jirani. Kina cha wali kikizidi sentimita 15 hivi, joto la chini linachelewa mno kufika juu, na wewe unaongeza moto, chini kunaungua.

BintiMakorora
Nashukuru sana mkuu. Jiko la mkaa ni moja tu. Sufuria ya pili naweza kuiweka kwenye gesi? Na nyama ianze saa ngapi?

Seredani
Gesi inawezekana ila moto wake unapiga katikati tu. Maji yakishuka, weka kikaango cha chapati cha chuma kati ya jiko na sufuria, punguza mpaka mwisho, na usogeze sufuria robo mzunguko kila dakika 5. Juu palia mkaa kama kawaida. Unachota kwenye lile jiko la mkaa lililo karibu yake. Kama gesi iko ndani, mkaa wa kupalia usiingie ndani, toa jiko la gesi barazani, mahali pasipo na upepo.

MamaNtilie_Mstaafu
Nyama isiachwe nyuma, maana pilau inategemea supu.

Kilo 3 za nyama yenye mifupa kidogo, vipande vya ukubwa wa yai. Chemsha na maji lita 4, tangawizi iliyotwangwa vijiko 3 vya mezani, nusu ya kitunguu saumu chako na chumvi vijiko 2. Ng'ombe wetu wa kienyeji anataka saa moja na nusu mpaka mbili. Anza saa 2 asubuhi. Ichemke taratibu, ukiipelekesha supu inakauka na nyama bado ngumu. Mwisho ubakiwe na supu lita 2 na nusu hadi 3. Ipime kwa jagi, halafu jazia maji ya moto kufikia zile lita 7. Maji baridi hapo yanazima mchemko, na mchele ukikaa kwenye maji vuguvugu unavimba nje kabla ndani hakujaiva.

Rangi ya pilau inatoka kwenye vitunguu. Kilo 1 ya vitunguu maji, vikatwe vyembamba na sawa sawa, mafuta nusu lita. Kaanga kwa mafungu mawili. Ukivirundika vyote vinatoa maji, vinachemka badala ya kukaangika, na utakaa saa nzima ukipata rangi ya majivu. Dakika 20 za kwanza hakuna haraka. Vikianza kuwa na rangi ya dhahabu usiondoke hata kumfungulia mtu mlango, kwa sababu kutoka kahawia iliyokolea mpaka nyeusi ni dakika mbili tu. Vikifika, mwagia upawa mmoja wa supu visimame hapo hapo. Vikiwa vyeusi, vitupe, pilau nzima itakuwa chungu.

Kitunguu saumu kilichobaki kiingie baada ya vitunguu kukolea, kwa sababu kinaungua upesi. Halafu viungo, dakika moja tu kwenye mafuta. Kwa kilo 4: bizari nzima vijiko 4 vya mezani, nusu yake itwangwe, pilipili manga vijiko 4 vya chai, mdalasini vijiti 6, iliki 25. Karafuu 18 zinatosha, ukizidisha zinafunika kila kitu. Nyama iingie hapo, igeuzwe mpaka ishike rangi, ndipo viazi na supu. Viazi vikate nusu, vichemke dakika 8 tu kabla ya mchele, vinginevyo vinavurugika.

Chumvi: jumla vijiko 6 vya mezani ukihesabu vile viwili vya nyama, kisha onja. Mchuzi kabla ya mchele uwe umekolea kidogo kupita unavyopenda, maana mchele unaingia bila chumvi.

Mchele uingie saa 6 na robo. Saa 7 na robo unafunua.

Kibokoni_Jikoni
Salaam kutoka Mombasa. Nyongeza kwa wanaotumia pishori au basmati: hizo loweka dakika 20 hadi 30, chuja, na maji yashuke mpaka lita 1 na nusu kwa kilo. Ukifuata vipimo vya mchele wa Mbeya utapata mashendea.

Na nyanya zikae kwenye kachumbari. Nyanya ndani ya pilau huongeza maji usiyoyapima na kuchafua ile rangi ya kitunguu. Najua bara wengi wanaweka, lakini kwa mtu anayehangaika na maji ni kujitafutia taabu.

Mzee_wa_Mafiga
Mmeeleza njia, mimi niseme juu ya mikosi, maana siku ya watu wengi haikosi.

Ukisikia harufu ya kuungua, usikoroge. Epua sufuria, chini ikanyage kitambaa kibichi. Chota wali wa juu uhamishie sufuria nyingine bila kugusa kuta wala chini. Simama unapoona punje zenye rangi ya kahawia. Ukikwangua umeeneza harufu kwenye kilo zote nne.

Ukifunua ukakuta kiini juu: usimwage maji baridi. Yanateremka moja kwa moja chini, kunakuwa bokoboko, na juu kunabaki vile vile. Toboa mashimo kwa mpini wa mwiko mpaka chini, nyunyiza maji yanayochemka, kama nusu kikombe kwa kila kilo, juu tu, rudisha foili na mfuniko, ongeza kaa juu, dakika 15.

Chumvi ikizidi kabla ya mchele, punguza supu, jazia maji ya moto. Ikigundulika baadaye, pika kilo 1 ya wali mweupe bila chumvi uchanganye, na kachumbari isiwekwe chumvi. Kiazi hakinyonyi chumvi peke yake. Kinanyonya maji yenye chumvi ile ile, kinachobaki hakibadiliki.

Gesi: uzito wa mtungi mtupu umegongwa kwenye chuma cha mtungi. Pima Jumamosi, toa, utajua kilichobaki. Jiko moja likiwa wazi mpaka mwisho linakula kati ya gramu 150 na 250 kwa saa. Huna mzani, mwagia maji ya moto ubavuni halafu pitisha kiganja: panapoanza ubaridi ndipo gesi ilipo.

Mvua ikinyesha, jiko la mkaa lisiingizwe ndani, hata madirisha yakiwa wazi. Hewa ya sumu ya mkaa haina harufu, na nyumba itakuwa imejaa watoto. Fungeni turubai juu, pande ziachwe wazi.

Mtoto akiungua: maji ya bomba yanayotiririka, dakika 20 kamili, mara moja. Vua bangili na nguo iliyo karibu kama haijagandia. Dawa ya meno, ute wa yai, mafuta na asali visiguse. Funika kwa nailoni safi ya kufungia chakula bila kukaza. Malengelenge kwa mtoto mdogo, au kuungua usoni, mikononi au sehemu za siri, ni hospitali hata akinyamaza.

BintiMakorora
Asanteni sana, nimeandika yote. Kachumbari ya wingi huu? Na pilau ikibaki?

Kibokoni_Jikoni
Nyanya kilo 2, vitunguu kilo 1, matango 3, pilipili mbili, giligilani fungu moja, ndimu 6. Vitunguu vikate mapema, fikicha kwa chumvi, suuza mara mbili, ukali unaisha. Nyanya na vinginevyo kata saa 7 kasoro. Ndimu na chumvi ziingie unapotenga, kwa sababu chumvi inavuta maji kwenye nyanya na nusu saa baadaye una bakuli la supu.

Kiporo: usikiache kwenye sufuria mpaka usiku. Kuna vijidudu kwenye mchele ambavyo havifi kwa kupikwa, na wali ukikaa vuguvugu vinatoa sumu ambayo hata ukipasha tena haiondoki. Ndani ya saa mbili tandaza kwenye sinia ipoe upesi, weka kwenye vyombo vya kina kifupi, ingiza kwenye friji. Wageni wanaofungiwa chakula waambie hivyo hivyo. Kesho yake nyunyiza maji kidogo, funika, pasha mpaka itoe mvuke kote, mara moja tu.